Wakazi wa Kawaida

Sahani ya dada yangu niliisoma kwa muda usiotosha kupiga chafya mbili. Niliinua mfuniko, nikaielekeza kwenye taa, nikaona madoa ya kijivu na ya dhahabu niliyoyazoea, nikafunika. Kisha nikaandika kwenye fomu maneno ambayo mkono wangu umeyaandika mara nyingi kuliko jina langu: "Wameota wakazi wa kawaida tu." Nikatia saini. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na mbele yangu zilikuwa zimepangwa sahani nyingine thelathini na nane.

Sahani ninazozisema si za kulia chakula. Ni visahani vya plastiki, vipana kama kiganja, vyenye rojo lililoganda na kuchanganywa na damu ya kondoo. Mgonjwa akikohoa, makohozi yake huletwa maabara kwenye kikopo. Tunayapaka juu ya rojo hilo, tunaziweka sahani ndani ya mtungi pamoja na mshumaa unaowaka, tunafunga mtungi hadi mshumaa unazimika wenyewe kwa kukosa hewa, kisha tunausukumia kwenye kabati la joto. Kesho yake vijidudu ambavyo jicho lisingeviona vimezaana na kuwa madoa, kila ukoo na rangi yake na umbo lake. Kazi yangu ni kuzijua koo hizo. Nimeisomea miaka mitatu, nina stashahada, na nilikuwa najivuna nayo kidogo.

Wakazi wa kawaida ni wale vijidudu tunaotembea nao mdomoni na kooni bila ugomvi. Kila mtu anao. Ukiandika hivyo, daktari anaelewa kwamba hapa hakuna mshukiwa, akatafute kwingine. Kwa dada yangu, huko kwingine kulikuwa ni yeye mwenyewe.

Dada ni mwitaji mahakamani. Ndiye anayesimama kwenye mlango wa chumba cha kesi na kuwaita watu kwa majina, sauti ikapita ukumbi, ikashuka uani, ikamfikia hata yule aliyejificha nyuma ya tangi la maji akiomba asiitwe. Wenzake wamembandika jina la Kengele. Pumu anayo tangu utotoni, lakini ilikuwa pumu yenye adabu: anavuta pampu yake ya kahawia asubuhi na jioni, nayo inakaa kimya. Miaka miwili hii ilikuwa imeota pembe. Daktari wa vifua alimwongezea dozi, akamwongezea tena, akamwongezea mara ya tatu. Wapi! Kifua kilipiga miluzi vilevile, na pampu ya bluu, ile ya dharura, ilikuwa inakwisha kabla mwezi haujafika katikati.

Nyumbani tulikaa tukapata jibu: havuti dawa vizuri. Mama alisema, shemeji alisema, na mimi, msomi wa familia, nilisema kwa sauti kubwa kuwashinda wote.

"Unaibonyeza kabla hujaanza kuvuta," nilimwambia.

"Nabonyeza huku navuta."

"Basi huishikilii pumzi."

"Nikiwa nayo nitaishikilia, mdogo wangu. Pumzi si mkoba."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuamua.

Kwa hiyo Alhamisi ile kikopo chake kilipofika maabara, nikaona jina kwenye lebo, nilijua sheria inasema nini. Sampuli ya ndugu yako huigusi. Unampa mwenzako, unaondoka kama hujaiona. Nilibaki nayo. Nilijiambia kwamba hakuna atakayeiangalia kwa uangalifu kama mimi. Jambo la pili: sahani za kahawia zilikuwa zimetuishia. Hizo tunazitengeneza kwa kuichemsha damu hadi inageuka rangi ya chokoleti, kwa sababu kuna vijidudu vyenye maringo ambavyo havioti mpaka chembe za damu zipasuliwe kwanza. Anayezitengeneza alikuwa likizo. Zikikosekana, unatakiwa uandike kwenye majibu kwamba zimekosekana. Sikuandika. Nilipaka sahani nyekundu tu, nikaendelea na kazi.

Mchana wa Ijumaa daktari wa vifua alilisoma jibu langu mbele ya dada. Akamwambia maambukizi hakuna, dawa ni kali kupita kiasi, tatizo ni matumizi. Akaandika kwenye faili: "Mgonjwa hafuati matibabu." Aliandika akidhani dada haoni. Dada amefanya kazi mahakamani miaka kumi na tisa. Anasoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini vizuri kuliko wengine wanavyosoma yaliyonyooka.

Jumapili mama alinipigia simu.

"Dada yako ameitupa pampu ya kahawia."

"Ameitupa wapi?"

"Jalalani, mwanangu! Kwani pampu inatupwa wapi? Anasema kama havuti, basi asivute kweli. Na usiku anakoroma kama birika. Wewe ndiye unayewaona hao wadudu, hebu zungumza naye."

Nilisema nitazungumza naye. Niliona ni ukaidi tu, nao ulinithibitishia nilichokuwa nakiamini.

*

Jumatatu jungu la mvuke, ambalo tunachemshia taka zote kabla ya kuzitupa, lilikuwa bovu tangu Ijumaa. Sahani zilizokwisha kusomwa hazikuwa zimetupwa. Zilikuwa bado ndani ya mitungi yao, chini kabisa ya kabati la joto, mahali nilipozisukumia kwa kukosa pa kuziweka. Fundi alipotupigia kelele kwamba jungu limepona, nilianza kuzitoa na kuzipanga kwenye kapu. Sikuwa nazisoma. Zilipita tu mkononi, moja baada ya nyingine, hadi jicho lilipokataa kupita.

Kwenye sahani moja, kando ya madoa ya dhahabu, kulikuwa na vitone. Vidogo, vya kung'aa, kama manyunyu yaliyoganda juu ya kioo. Vilizunguka kila doa la dhahabu kama watoto wanavyomzunguka mchoma mahindi. Ukisogea upana wa ukucha kutoka kwenye dhahabu, hakuna hata kimoja.

Nikaisogeza kwenye taa. Chuoni tulionyeshwa jambo hili mara moja tu. Kile kijidudu cha dhahabu huipasua damu inayokizunguka na kumwaga chakula ambacho kijidudu kingine, chenye maringo, hakiwezi kujitafutia. Basi chenye maringo huishi kwa jirani. Kwenye sahani ya kahawia kingeota popote, kwa wingi, hata asiyesomea angekiona. Kwenye nyekundu huota pembeni mwa jirani tu, na siku ya kwanza huwa kidogo mno, unapaswa kuinamisha sahani na kutulia ndipo ukione.

Niligeuza sahani nisome namba. Sikuwa na haja. Mwandiko ulikuwa wangu.

Mkuu wetu wa maabara tunamwita Mama Muhuri, kwa sababu hakuna karatasi inayotoka pale bila muhuri wake, na muhuri wenyewe hamwachii mtu hata akienda msalani. Nilimkuta akimenya chungwa.

"Mama, nimekosea."

"Vuta kiti. Umekosea nini, na nani ameshajua?"

Nilimpa sahani. Alifuta mikono, akavaa glavu, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Alikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa nayo mimi.

"Hemofilasi," akasema, akikitaja kwa jina kile chenye maringo.

"Nadhani hivyo, Mama."

"Ina siku ngapi?"

"Nne tangu ipakwe."

"Ulipaka na ya kahawia?"

"Zilikuwa zimekwisha."

"Uliandika kwamba zimekwisha?"

"Hapana."

"Haya. Mgonjwa ni nani?"

Nilitazama maganda ya chungwa.

"Nimekuuliza mgonjwa, sijakuuliza bei ya machungwa."

"Dada yangu. Tumbo moja."

Mama Muhuri alivua miwani. Sijawahi kumwona akigomba. Akikasirika huwa anapunguza sauti, na sauti ikipungua ndipo unapoomba ardhi ipasuke.

"Sasa unataka nini?"

"Nirekebishe jibu. Niandike kwamba yumo. Leo hii."

"Hutaandika kitu." Alifunika sahani. "Kwanza, hawa wengi wao wamekwisha kufa, ukiwapandikiza hawaoti. Pili, kuwemo kwake hakuniambii lolote. Huyu anaishi puani mwa watu wazima wenye afya zao. Huenda yumo puani mwangu sasa hivi na ananisikiliza. Ukimpelekea daktari karatasi inayosema 'yumo', atamwaga dawa ya kuua kila kitu, na dada yako hatapata nafuu, na wewe utakuwa umekosea mara mbili. Ijumaa hukutazama kwa sababu ulikuwa na uhakika. Leo unatazama kwa sababu una majuto. Macho hayohayo."

Neno hilo lilinikaa.

"Kile kioo cha darubini mlichopaka makohozi siku ya kwanza kipo?"

Kilikuwepo kwenye sanduku. Alikiweka chini ya darubini mwenyewe, akazungusha kirekebishi taratibu, kisha akanisogezea. Chembe za usaha zilijaa hadi hazikupishana, na katikati yake, vijiti vyekundu vyembamba, vingi, vimetawanyika kama nywele zilizonyolewa. Vilikuwepo tangu Alhamisi. Nilikuwa nimevipita.

"Hii si pumu inayosikia pampu kirahisi," alisema Mama Muhuri, kwa sauti ya kawaida sasa. "Kwa wengi, chembe zinazowasha moto kifuani ni za aina nyingine, na pampu ya kahawia imetengenezwa kwa ajili yao. Huyu wako, tazama, jeshi lililokuja ni jingine. Lakini nataka sampuli mpya. Makohozi, si mate. Nitatengeneza sahani za kahawia mimi mwenyewe leo mchana. Nitasoma mimi. Wewe hutasogea hata hatua tatu karibu na meza. Nenda kamlete."

"Na akikataa?"

"Ulimwambia nini hadi akatae?"

*

Nilimkuta dada kwenye benchi la nyuma ya mahakama, saa nne, akiwa ameomba kupumzika kidogo. Ndani, kijana mmoja karani alikuwa akiita majina badala yake kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Dada alikuwa ameegemea ukuta, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka.

"Daktari wa makohozi!" alisema aliponiona. Akapumzika. "Umefuata nini mahakamani? Umeshtakiwa?"

"Bado."

"Kama umetumwa na mama... mwambie pampu iko jalalani. Imepumzika. Na mimi nimepumzika."

"Sikutumwa. Nimekuja kutoa ushahidi."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yangu."

Alinitazama vizuri. Kisha akajinyoosha kwenye benchi, akakunja uso wa hakimu, maana dada yangu hata akiwa anakufa hawezi kuacha mzaha upite.

"Kazi yako, shahidi?"

"Mtaalamu wa maabara."

"Endelea. Sema polepole, mahakama inaandika."

Nilisema yote. Kikopo, jina kwenye lebo, sheria niliyoiruka, sahani za kahawia, vitone kando ya dhahabu. Kila nilipojaribu kupita haraka, alinirudisha.

"Kielelezo ulikitazama kwa muda gani?"

"Sekunde chache."

"Chache ni ngapi?"

"Tano. Labda sita."

"Na kabla ya kukitazama, ulikuwa unalijua jibu?"

Kijana wa ndani aliita jina, hakuna aliyeitika, akaliita tena kwa unyonge zaidi.

"Ndiyo," nilisema. "Nilikuwa nalijua."

Uso wa hakimu uliondoka. Alibaki dada yangu tu, na sikuwahi kumwona akiwa mchovu hivyo hata siku aliyojifungua.

"Unajua nilichokuwa nafanya?" alisema. Maneno yalitoka mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu nilisikia ule mluzi mwembamba. "Nilikuwa nakwenda bafuni. Nafunga mlango. Nasimama mbele ya kioo... navuta pampu, nahesabu hadi kumi kwa vidole. Najitazama mdomo. Najiuliza, nakosea wapi? Mwanamke wa miaka arobaini na moja... anajifunza kupumua mbele ya kioo, kwa sababu mdogo wake ana stashahada."

"Dada, nisamehe."

"Subiri, sijamaliza kukuhukumu." Lakini hakuweza kuendelea. Kikohozi kilimshika, kile kikavu kisicholeta kitu, kikamkunja hadi paji la uso likakaribia magoti. Nilimshika mabega. Yalikuwa magumu kama ubao. Alipapasa mfukoni, akatoa ile ya bluu, akavuta, akavuta tena, na mara ya nne ndipo rangi ya midomo ikaanza kurudi. Mimi ninayewajua vijidudu kwa koo zao nilikuwa nimesimama pale nikimshikia kitambaa, sina la kufanya.

"Hiyo ya bluu inafungua mlango tu," nilisema alipotulia. "Haizimi moto. Ukikaa bila ya kahawia, siku moja mlango hautafunguka. Nakuomba."

"Ni sharti?"

"Si sharti. Nakuomba tu."

Alifuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Mimi nina sharti. Faili langu limeandikwa kwamba sifuati matibabu. Maneno yale yatoke. Na kosa lako uliandike, na jina lako juu yake. Sitaki 'kulitokea hitilafu'. Nimesikia hitilafu nyingi hapa, zote hazina baba."

"Litaandikwa."

"Basi kesho nitakuja kukohoa." Akasimama, akashika ukuta. "Na ile pampu sikuitupa. Iko kwenye droo. Nilimwambia mama vile ili akuambie wewe, usononeke."

"Unaivuta?"

"Nimesema iko kwenye droo. Usiharakishe shahidi."

*

Alifika saa moja na nusu asubuhi. Kwanza walimpa pampu ya bluu, kisha wakamvutisha mvuke wa maji ya chumvi, ule unaolainisha kilichoganda chini ya kifua. Kikopo cha kwanza kilipofika maabara, Mama Muhuri alikichungulia akakirudisha.

"Haya ni mate. Mwambie akohoe kutoka kwenye kisigino."

Niliusikia ujumbe ukipelekwa ukumbini, nikamsikia dada akicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho ndicho kilicholeta tulichokitaka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba, hatua saba kutoka kwenye meza, nikipanga mirija ya damu ya watu nisiowajua.

Siku mbili sikuuliza. Ijumaa, baada ya usafi, tuna kikao kifupi tukiwa tumesimama, na Mama Muhuri husoma daftari la marekebisho: kila jibu lililotoka na kosa, na jina la aliyelitoa. Miaka minne jina langu lilikuwa halijaingia humo. Wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nimefunga ndoa na daftari lile, ndiyo maana halinitaji. Siku hiyo niliandika maandishi hayo mwenyewe, na yeye akayasoma bila kuinua macho: kwamba nilisoma sampuli ya ndugu yangu kinyume cha utaratibu, sikutaja kukosekana kwa sahani za kahawia, nikaandika wakazi wa kawaida bila kuikagua sahani ipasavyo.

Hakuna aliyetania. Jamaa wa kitengo cha damu aliniwekea kikombe cha chai mezani, akaondoka.

Kisha Mama Muhuri alinionyesha sahani ya kahawia. Nilisema kwamba asiyesomea angekiona; nilikosea, hata kipofu angekigusa. Kijidudu kile kilikuwa kimeenea sahani nzima kama utando mwembamba wa kijivu, na hao wakazi wengine wa kawaida, ambao katika kifua kilichotulia huwa wamechanganyika kama watu wa mtaa mmoja, walikuwa wamebaki wachache pembezoni. Na chini ya darubini, kwa rangi nyingine aliyopaka safari hii, chembe tulizotarajia kwenye pumu hazikufika hata tatu katika mia. Zilizobaki zilikuwa za usaha.

"Sasa tuna la kumwambia daktari," alisema, akagonga muhuri.

*

Daktari wa vifua ni kijana, mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu ahitimu. Alisoma karatasi mara mbili. Dada alikaa mbele yake akiwa amevaa sare yake ya kazi, na mimi nilikaa nyuma kama mshtakiwa aliyeachiwa kwa dhamana.

"Kwa hiyo nina pumu au nina vijidudu?" dada aliuliza.

"Vyote viwili. Na sijui kipi kilimfungulia mwenzake mlango." Alikuna kidevu. "Zamani tulifundishwa kwamba mapafu ya mtu mzima wa afya hayana kitu kabisa, kama chumba kilichofungwa. Si kweli. Wapo wakazi humo, wachache, wanaingia na kutoka kila tunapopumua na kumeza. Wakiwa mchanganyiko, kifua kinakaa kwa amani. Lakini kwa baadhi ya wenye pumu, mmoja anajaza nafasi. Mwili unamfukuza, haumwezi, unaendelea kutuma askari, na moto wa askari hao hausikii sana dawa ya pampu."

"Na mliponiongezea dozi?"

Aliweka kalamu chini. Nilimpenda kwa kutokimbilia kujitetea.

"Dozi kubwa hupunguza ulinzi. Huenda tulimpa nafasi zaidi. Siwezi kuapa, lakini huenda."

Dada aligeuka akanitazama, akamgeukia tena. "Nyinyi wawili mngekuwa mbele ya hakimu wangu, mngekula miezi."

Daktari aliinama, akavuta faili, akapiga mstari juu ya ile sentensi, akaandika pembeni kwamba haikuwa sahihi, akaweka tarehe na saini. Dada aliisoma ikiwa juu chini, akatikisa kichwa kukubali. Kisha wakapanga: apimwe moyo na masikio kwanza, kwa kuwa dawa yenyewe inaweza kuvigusa, halafu vidonge vya kupunguza vijidudu, mara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa, pampu ya kahawia irudi kwenye dozi ya zamani, asubuhi na jioni, bila kuacha.

"Sikuahidi kitu," daktari alisema. "Kwa wengine inasaidia, kwa wengine hapana. Na tukiwapunguza hawa, hatujui nani atahamia."

"Nimekuelewa," alisema dada. "Na ya kahawia nilianza tena Jumanne. Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Uliomba."

*

Wiki zilipita na sikuuliza. Hilo nalo nilijifunza. Zamani ningempigia kila jioni kumkagua. Nilisikia kwa mama kwamba kuna siku nzuri na siku mbaya, kwamba wiki moja alilala akiwa ameketi, kwamba nyingine alilala kama gogo. Kazini, sahani zilikuja na kwenda. Nilizisoma polepole. Mama Muhuri alilalamika kwamba nachelewesha, lakini hakuniharakisha. Bado naandika "wakazi wa kawaida" mara nyingi, kwa kuwa mara nyingi ndivyo ilivyo, ila siku hizi najua kwamba nikiandika hivyo nimesema jambo kuhusu mtu, na kwamba mahali fulani kuna mtu atakayelaumiwa kwa sababu ya maneno hayo.

Wiki ya kumi na moja, Jumamosi asubuhi, dada alikuja kwangu bila taarifa. Ninaishi ghorofa ya nne, na lifti ya jengo letu ilikufa kabla sijahamia. Nilimkuta getini nikitoka sokoni, na hata salamu haikufika mwisho.

"Wewe ndiye uliyemwambia mama kwamba pampu ilikuwa kwenye droo?"

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, na usinizungushe. Ilikuwa siri yangu! Sasa amekasirika, anasema nilimtia presha bure, ameniita mwongo mbele ya wajukuu. Mbele ya wajukuu, we mtoto! Miaka kumi na tisa nawaapisha watu waseme kweli, halafu mama yangu mzazi ananiita mwongo na wanangu wanasikia. Mdogo kabisa ameniuliza kama nitafungwa. Nimwambie nini?" Alikuwa ameshika ngazi, anatangulia, kidole hewani. "Na shemeji yako naye, badala ya kunitetea anacheka hadi anashika tumbo. Nikamwambia cheka, cheka, chakula cha jioni utacheka nacho..."

Alinigomba ghorofa ya kwanza, akanigomba ya pili. Kwenye ya tatu aligeuka kuhakikisha kwamba namsikiliza, akanikuta nimeweka kapu chini, nahema, na akachukua hilo nalo kama ushahidi wa utovu wa adabu. Mama mmoja alifungua mlango kuona kuna ugomvi gani, akaufunga. Sauti ilijaa ngazi zote, ikagonga dari na kurudi, haikukatika mahali popote.

Sijui kama ni vidonge. Huenda ni vidonge, huenda ni dozi iliyopungua, huenda ni majira tu, na kifua kina mambo yake ambayo hatujayafikia kwa sahani wala kwa darubini. Daktari atataka tusubiri, na atakuwa sahihi. Kwa hiyo sikusema kitu. Ningesema, angenyamaza ili ajisikilize, na sikutaka anyamaze.

Nilifika mlangoni, nikatafuta ufunguo, nikafungua, nikamwacha aendelee.